Kibuyu cha Kungoja

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitikia kwa uvivu, na mimi leo nina hasira. Paukwa.

Pakawa!

Sasa nisikilizeni. Kesho vijana wanne wa hapa wanaingia porini kurina asali, nami nimepita nikaangalia mizigo yao. Mashoka yapo, kamba zipo, sigara zipo. Maji ni chupa moja moja. Nikawauliza, mkipatwa na jambo je? Wakanijibu, bibi, tuna simu. Haya. Kaeni chini, na wewe Mwakuona acha kucheka.

Hapo zamani za kale palikuwa na mbuga kame, nyeupe kwa chokaa, haina mti wala kisima. Ng'ambo yake kulikuwa na mwamba wa chumvi. Aliyetaka chumvi alishika mojawapo ya njia tatu, akatembea siku mbili kwenda na siku mbili kurudi.

Ukingoni mwa mbuga hiyo aliishi Bibi Nungunungu, na hakuna aliyepita bila kusimama kwake. Wasafiri aliwapa vibuyu vitatu vya maji: cha kwenda, cha kurudi na cha kungoja. Kisha alichomoa mwiba mgongoni mwake, nao wakauchomeka ardhini, umeinama kuelekea njia watakayopita. Mwisho aliwapa pembe.

"Mkipatwa, pigeni pembe," alisema. "Tembo atakuja. Lakini Tembo anakaa mtoni, na hana mabawa. Kibuyu cha tatu ni cha kumngojea."

Siku moja wakaja wawili, Ngiri na Digidigi. Digidigi alikuwa na mke mja mzito, naye mke yule alitamani chumvi mpaka akawa analamba majivu. Njia Digidigi hakuijua. Ngiri alisema anaijua, na Ngiri alikuwa na mdomo mkubwa kuliko kichwa.

Walipopewa vibuyu, Ngiri akakiweka cha tatu chini.

"Hiki kizito, ndugu yangu. Kitatuchelewesha."

"Na tukipatwa?" Digidigi akauliza.

"Tuna pembe."

Bibi Nungunungu akachomoa mwiba. Ngiri akaukataa.

"Mimi mwanamume mzima, niage kama mtoto anayekwenda chooni?"

"Na wakitutafuta?" Digidigi akauliza.

"Tuna pembe."

"Ngiri, sikulazimishi," Bibi Nungunungu akasema. "Lakini huyu mwenzako ana mke."

Ngiri alikwisha kuondoka. Digidigi akakitazama kile kibuyu, akamtazama Ngiri, akamfuata Ngiri. Hatua tatu tu angerudi akakichukua. Hatua tatu! Aliona haya kuonekana mwoga.

Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Siku ya pili, asubuhi, Digidigi akatumbukiza mguu kwenye ufa wa ardhi. Mguu ukavunjika.

"Ngiri," akasema, "jua bado halijawa kali. Niachie maji, rudi mbio ukaite msaada."

"Mbio za nini? Tuna pembe."

Akapiga pembe mara tatu. Kisha akafungua kibuyu cha kurudi, akampa mgonjwa mafunda mawili, akanywa mwenyewe mpaka tumbo likajaa, na kwa yaliyobaki akanawa uso, ili Tembo asimkute na vumbi. Mmesikia? Alinawa uso.

Kule ukingoni Bibi Nungunungu aliisikia pembe, lakini upepo uliizungusha sauti, isijulikane inatoka upande gani. Kwa mazoea akakimbilia kutazama mwiba. Mwiba haukuwapo. Akatuma habari mtoni.

Tembo alikuwa na ndama anayenyonya. Alimwachia dada yake akatoka saa ileile. Akatafuta kuelekea macheo, hakuona kitu. Akatafuta kuelekea machweo, hakuona kitu. Akashika njia ya katikati.

Ngiri naye alikaa. Siku ya kwanza alisema, "Atafika kabla jua halijatua." Siku ya pili alisema, "Sijui anafanya nini huyo." Siku ya tatu alimtukana Tembo na mama yake Tembo. Ulimi wa Digidigi ulikuwa umevimba. Adhuhuri ya siku hiyo aliweka kichwa juu ya mguu wa Ngiri, akafa.

Tembo alifika alasiri.

"Umechelewa," Ngiri akasema. "Umemuua ndugu yangu."

Nyayo za Tembo zilikuwa zimepasuka, na maziwa ya ndama wake yalikuwa yakidondoka juu ya chokaa. Kwanza alimnywesha Ngiri maji. Kisha akamwambia, "Nilipopata habari nilianza kutembea. Kibuyu ulikiacha wapi?"

Ngiri akaomba maji mengine.

Tembo akambeba Digidigi kwa mkonga mpaka ukingoni. Mke wa Digidigi alikuwa amesimama pale, na tumbo lake.

"Shemeji," Ngiri akaanza, "Tembo alichelewa."

Mke akainama, akaokota kibuyu cha tatu, akakitikisa. Kilikuwa kimejaa.

"Hiki ni cha nani?"

Ngiri akapiga magoti, akaomba radhi, akaomba tena, akaomba tena. Mke hakumwambia inuka. Alilia mpaka machozi yakamwachia alama nyeusi chini ya macho, kisha akaingia kichakani na kibuyu chake.

Mpaka leo hakuna aliyemwambia Ngiri inuka. Mtazameni akila majani, anakula kapiga magoti. Na mtazameni digidigi usoni, ile alama ipo.

Funzo ni hili, na sitalirudia. Anayekuja kukuokoa ana miguu kama yako, ana watoto kama wako, na hajui ulipo mpaka umwambie kabla ya kwenda. Pembe humwita, haimleti. Mpaka afike, mwokozi ni wewe na ulichobeba.

Ngano yangu naitua hapa. Anayeitaka aibebe, lakini abebe na maji. Nyinyi wanne, kesho mtanikuta njiani na kijiti changu, ndio mwiba wenu. Kila mmoja atanionyesha maji ya kwenda, maji ya kurudi na maji ya kungoja. Mnichukie mkitaka. Mimi wake zenu nawajua kwa majina, na sina la kuwaambia nikiulizwa.