Mkia wa Chewa

Gari lilikuwa limekwisha kutoka langoni, likirudi kinyumenyume hadi barabarani, fimbo ya kuvulia imechomoza dirishani kama ulimi wa mbwa mwenye kiu. Kinyozi alishika usukani kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akawapungia majirani ambao hawakumpungia. Nyuma alikaa mama mkwe wake, aliyekuja kuwasalimia kwa siku chache na tayari alikwisha kuyatia dosari mapishi, mapazia na hata paka wa nyumba ile.

"Leo tena utatuletea vidagaa vya paka?" aliuliza.

"Leo, mama, utakula samaki umshindwe."

"Maneno nilikula jana, baba. Hayashibishi."

Kinyozi alikaza mwendo. Tangu aanze kuvua kwa kujiburudisha hajawahi kutoa baharini samaki mrefu kuliko kiatu chake, na mama huyu hakuacha kumkumbusha. Alitaka samaki mmoja tu, wa kumfunga mdomo.

Walipopita duka la mwoka mikate, mama mkwe aligeuza shingo. "Yule jirani yako alikukosea nini hata ukamchongea?"

"Mimi hakunikosea. Aliikosea sheria. Samaki wake alipungua kipimo kwa upana wa kidole."

"Kidole kimoja tu?"

"Sheria haijui kidole, mama."

Ni yeye aliyempigia simu afisa wa uvuvi, na leseni ya kuvulia ya mwoka mikate ikafungiwa miezi mitatu. Siku ile kinyozi alinyoa wateja huku akipiga mluzi, kichwa kimemvimba kama unga uliotiwa hamira.

Gatini walimkuta mwoka mikate mwenyewe ameketi kwenye benchi, mikono mitupu, akiwatazama wenzake wakivua, mfano wa mgonjwa aliyekatazwa chumvi.

"Bado unakuja huku?" kinyozi alimtania.

"Natazama tu, jirani. Kutazama hakuhitaji leseni."

Haukupita muda mrefu, fimbo ya kinyozi ikapinda kama upinde. Alivuta, akalegeza, akavuta tena, jasho likimtiririka hadi kwenye nyusi. Akatoka chewa mnene, ana madoadoa, mdomo kama mfuko. Watu wakasogea. Mama mkwe akasimama, na kwa mara ya kwanza hakuwa na la kusema.

Penye ngazi palikuwa na ubao wa kupimia wenye mistari miwili myekundu. Chewa asiyefika mstari wa kwanza hurudishwa majini, kwa kuwa hajazaa bado. Anayepita wa pili hurudishwa pia, kwa kuwa wakubwa ndio wazazi. Kinyozi aliijua sheria hiyo kama njia ya kwake, na alikwisha kuwakaripia nayo wengi. Akamlaza samaki wake. Mkia ukapita mstari wa pili kwa upana wa kidole.

"Basi mrudishe, angali hai," mwoka mikate alisema kwa upole.

"Amejinyoosha tu huyu. Ni shingo."

"Samaki ana shingo?" mama mkwe aliuliza.

Kinyozi alipiga magoti, akawapa watu mgongo, akachomoa mkasi mfukoni. Ni kupunguza kidogo tu, alijiambia, kama nywele za kisogoni. Akakata upande wa kulia. Wa kushoto ukaonekana mrefu, akaukata nao. Sasa wa kulia ukawa umezidi. Akaendelea kusawazisha, kazi ikamkolea, hata akajikuta anapuliza vipande. Alipoinua kichwa, chewa alikuwa amekata roho, mkia umekuwa kibutu kama kichwa cha askari mpya, na afisa wa uvuvi amesimama mbele yake.

"Aliyemnyoa samaki huyu ni nani?" afisa aliuliza.

"Labda aliumwa na papa."

"Papa mwenye mkasi?" Afisa aliinama, akautazama mkia kwa makini. "Mume wangu hunyoa kwako. Kila akirudi, upande wa kushoto uko juu. Mkato huu ndio ninaoamka nao kila siku."

Gati zima likacheka. Mama mkwe alijifunika uso kwa mtandio, mabega yakimtikisika.

"Binti yangu," kinyozi alisema kwa sauti ndogo, "ni upana wa kidole tu. Sheria nayo iwe na utu. Nina mgeni nyumbani."

Mwoka mikate alikohoa.

"Ungemrudisha, ningekupa hongera," afisa alisema. "Lakini umemkata ili kuficha urefu wake. Leseni yako haitatumika mwaka mzima."

Mwoka mikate akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.

Chewa alipelekwa jikoni kwa wazee wasiojiweza, wakamla bila kuuliza habari za mkia. Mama mkwe alikula mayai jioni ile, akaongeza wiki moja ya kukaa, maana hadithi ilikuwa bado haijawafikia watu wote wa mtaa. Mume wa afisa alihamia kwa kinyozi mwingine. Mwoka mikate alirudishiwa leseni yake miezi ilipotimia. Kinyozi alikaa benchini mwaka mzima akimshikia jirani yake kopo la chambo, na hakumpigia afisa simu tena. Alikwisha kujionea mwenyewe kuwa mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu.