Kabati Lililomngoja Mgeni Rasmi

Hebu nitegeeni sikio, ndugu zangu. Kulikuwa na daktari mmoja, mama mchapakazi kwelikweli. Alikuwa amemzika mtoto wa dada yake kwa ugonjwa wa kurithi, yale magonjwa ambayo chakula kinachowajenga wenzake, kwa mtoto huyo kinageuka sumu. Kwa uchungu ule akakusanya maelezo ya tiba za magonjwa hayo, yaliyotapakaa huku na kule, akayaandika kwenye karatasi, akazipanga kwa dalili, ili hata muuguzi mgeni apate jibu upesi. Akazitia kwenye kabati jipya la wodi ya watoto.

Basi wakubwa wakasema, kitu kizuri hivi hakifunguliwi kienyeji, lazima mgeni rasmi azindue. Wakafunga utepe mwekundu. Mgeni akaahirisha. Wakangoja. Na daktari naye, nisiwafiche, aliitamani ile picha ya kupeana mkono.

Siku hizo akaletwa kichanga, macho ya manjano, anatapika kila akinyonya. Muuguzi akamkuta daktari anapanga viti vya sherehe.

"Daktari, tufungue kabati tuangalie?"

"Jamani! Na utepe ushafungwa? Mgeni anakuja Jumatano. Vichanga wengi huwa na manjano, itapita. Mwambie mama azidi kumnyonyesha."

Mama wa watu akazidi. Mtoto naye akazidi kulegea. Jumanne wakamfunika shuka.

Jumatano mgeni akaja kweli, vigelegele, utepe ukakatwa. "Haya, nionyesheni linavyofanya kazi," akasema. Daktari akachomoa karatasi, akasoma kwa sauti: "Kichanga wa manjano anayetapika, huenda mwili wake haumudu sukari ya maziwa. Simamisha maziwa mara moja, hata ya mama. Mpe ya soya." Akainua macho. Mlangoni alisimama yule mama, amefuata kibali cha kuzika.

"Daktari, maneno hayo yamefika leo?"

"Hapana, mama. Yalikuwapo."

Mnaguna? Msimgunie daktari! Sisi je? Jirani analala njaa, tunangoja kamati ikae. Ndugu yako anakufa na kinyongo, wewe unangoja Krismasi ndiyo umwombe radhi. Neno la kumponya mtu unalo, unalingojea shughuli!

Nani hapa ana mtu anayemngoja? Inuka. Usisubiri nimalize mahubiri. Sitakasirika. Nenda.