Fundi Mbaraka na Majina ya Upuuzi

Mtu mmoja alikuwa na mke msemaji, na alikuwa na majina mengi ya kuuitia usemaji wake. Mtu huyo ni Mbaraka, fundi cherehani, ambaye baraza yake ilitazama kisima cha mtaa. Mkewe ni Mwanaidi. Mwanaidi akitoka kisimani hakuweza kutua ndoo kabla hajatua habari, na mumewe hakuinua uso kutoka kwenye cherehani. Habari ikiwa fupi aliiita porojo. Ikiwa ndefu, puo. Ikihusu ndoa za watu, umbea. Ikihusu ndoto na majini, mapayo. Ikichanganya yote hayo, kama ilivyokuwa mara nyingi, alisema hicho ni Kichina, na Mchina mwenyewe hajapata kumwona.

Mwanaidi hakununa. Alizungumza na shingo la mumewe mwaka nenda mwaka rudi, kwa kuwa shingo ndilo alilopewa. Kitu kimoja tu alikitamani, nacho hakikuwa kanga wala mkufu. Alitamani siku moja, akifika katikati ya habari na kunyamaza kidogo makusudi, mumewe aulize, "Ikawaje?" Hakuulizwa.

Fundi huyo alikuwa na desturi nzuri. Hakutupa kipande cha kitambaa. Kile kidogo kisichofaa hata mfuko wa shati alikisukumia kwa mguu kwenye gunia chini ya meza, bila kukitazama, na gunia likijaa alishona mto. Nyumba yote ililalia mito ya vipande vya nguo za watu. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu huweza kufanya hivyo na vitu vingine pia.

Basi asubuhi moja uzi ulimponyoka fundi Mbaraka, akainama kuuokota, asiinuke. Kilikuwa kiharusi. Mkono wa kulia ulilala, mdomo ukaenda upande. Baada ya muda alipata nafuu ya kukaa kitini, lakini maneno yake hayakurudi. Alitaka kusema maji, maji hayaji. Yanakuja mengine kabisa. Mdogo wake, Sefu, alikuja kumjulia hali, akamkuta anatazama dirishani na kusema, "Mbuzi kala shela. Mbuzi kala shela."

"Kaka kashapotea," Sefu alimwambia shemeji yake. "Anaweweseka na macho anayo wazi."

Mwanaidi alikuwa anamenya vitunguu. Kisu kikasimama. Habari ya mbuzi aliyekula shela ya bibi harusi ilikuwa yake yeye, ameileta kutoka kisimani zamani, Shani binti yao akiwa bado anabebwa mgongoni. Shela ilianikwa uani, wanawake wakakaa kubishana juu ya nani atangulie kumpaka bibi harusi hina, na mbuzi akaila yote akabakisha pindo. Mumewe aliiita mapayo, ingawa haikuwa na jini hata mmoja. Mwanaidi alitupa kisu, akakimbilia uani. Mvua ilikuwa inaanza, na suti ya mteja iko kambani.

Aliingiza ile suti, akaketi juu ya ndoo aliyoigeuza, akacheka mpaka akalia. Kumbe lile shingo lilikuwa linasikiliza.

Tangu hapo alijifunza kumsikia. Fundi hakuwa na maneno yake tena, alikuwa na ya mkewe. Alichopoa kipande hiki na kile kutoka gunia lile ambalo yeye mwenyewe hakujua kuwa amelijaza. Wakimvalisha kofia isiyo yake husema, "Msumari wa Athumani." Huyu Athumani alimwazima jirani yake msumari, akauendea siku ya karamu, mbele ya wageni, akaung'oa ukutani kwa mkono wake, kioo kilichoning'inia hapo kikaanguka, naye akaondoka zake ameushika msumari kama mshumaa. Basi Mwanaidi hutafuta kofia yenyewe. Majirani walisema mwanamke huyu anajifariji, na wengine walisema amepata mume anayemfaa sasa, asiyeweza kumkatiza.

Ikafika siku ya kumwoza Shani, mtoto wa mwisho. Sefu alisema atasimama yeye kuwa walii wa kumwoza, maana kaka yake hana akili tena. Shani alisema baba yake yu hai, na kama hatamwoza yeye, basi wageni wale chakula waende zao. Aliyasema hayo mkono wake umeshapakwa hina. Mama yake alijua kuwa hatanii, maana ukaidi ule aliurithi kwa baba.

Watu wakajaa sebuleni, wanawake wakabanana nyuma ya pazia la mlango. Sheikh alimwinamia mgonjwa, akauliza kwa upole kama ameridhia na anampa yeye sheikh uwakala wa kumwoza binti yake Shani kwa kijana Hatibu. Kichwa cha fundi hakikuwa na msaada, kwa kuwa tangu augue alikitikisa vilevile kwa ndiyo na kwa hapana. Jasho likamtoka. Kisha akasema, "Ongeza ukoko."

Watu walitazama miguu yao. Mwanaidi akaomba ruhusa, akatoa uso nje ya pazia, akaeleza: Bi Sikujua alipoolewa, pilau lake la kwanza liliungua mpaka moshi ukafika msikitini. Wakaona aibu kumpakulia baba mkwe. Mzee akapakuliwa hivyohivyo, akala akamaliza, akasogeza sahani. Hapo Mwanaidi akanyamaza kidogo, kwa mazoea.

"Ikawaje?" akauliza sheikh.

Mwanaidi alimtazama mumewe kwanza. Upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa unacheka.

"Akasema, ongeza ukoko. Akaongezewa. Na tangu siku hiyo hakutaka kupikiwa na mwingine. Mume wangu ameridhia, sheikh. Ameridhia mpaka ukoko."

Sefu akasimama. "Sheikh, tusiwachoshe wageni. Huyu hajui anenalo, na huyo mkalimani wake ndiye kiwanda cha porojo cha mtaa huu. Nimwoze mimi, yaishe."

Neno hilo lilikuwa na uzito, kwa kuwa lilikuwa kweli nusu. Sheikh akamgeukia mgonjwa tena, na akamwashiria Mwanaidi afunge mdomo, jambo ambalo alilitii kwa shida. "Fundi, umesikia. Tumwachie mdogo wako?"

Fundi Mbaraka aliinua mkono wa kushoto, ule mzima. Akamwelekezea kidole Sefu, kisha akajipiga kifuani.

"Msumari wa Athumani," alisema.

Mtu mmoja mlangoni akaguna, mwingine akaziba mdomo kwa kofia, na chumba kizima kikacheka. Hakuna aliyehitaji mkalimani. Kila mtu mle ndani alikuwa ameteka maji kisimani pale, au alikuwa ameoa aliyeteka. Wageni wa Hatibu ndio waliouliza kuna nini, na watu watatu wakaanza kuwasimulia kwa pamoja. Hata Sefu alikuwa anaijua habari ile. Aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika kwa kicheko, akarudi kukaa.

"Akili anayo," alisema sheikh, akapangusa macho. "Nami nimemwelewa."

Akaushika mkono wa fundi, na Shani akaozwa na baba yake.

Basi wewe mwenye majina mengi ya kuyaita maneno ya mwenzako, siku ulimi wako utakapovunjika, utaomba maji kwa maneno ya nani?