Kifuniko Kilichozidi Dirisha

Hadithi hii nililetewa na mtu, na tangu niisome sina amani. Isome taratibu, kisha mpelekee yeyote mwenye nyumba na mzazi.

Katika kijiji kimoja cha pwani ya kusini, redio ilitangaza kuwa kimbunga kinakuja, na kesho adhuhuri kitakuwa kimefika. Ee bwana wee! Kijiji kizima kilimkimbilia Chilumba, fundi seremala, kila mtu akitaka madirisha yake yafunikwe kwa mbao siku hiyo hiyo.

Mfaume alikuwa na madirisha mawili ya vioo, moja la upande wa bahari, jingine la barabarani. Chini ya hilo la barabarani ndipo kilipokuwa kitanda cha mama yake, Bi Esha, aliyepigwa na kiharusi, hawezi kuinuka wala kugeuka mwenyewe.

Kwa vile fundi hakuwa na nafasi ya kuja kupima, Somoe, mke wa Mfaume, aliyapima madirisha kwa shubiri za mkono wake: tano kwa saba. Mfaume akakimbia na vipimo hivyo mpaka kwa fundi.

"Mbao ya mwembe au mninga?" fundi akauliza.

"Mninga, fundi. Mama yangu yumo humo."

Fundi hakuuliza shubiri ni za mkono wa nani. Akapima kwa mkono wake.

Sasa, Somoe ana kiganja kidogo, na Chilumba ana mkono wa kutisha watoto. Vifuniko vilipoletwa alasiri, kila kimoja kilizidi dirisha vidole vinne kila upande. Havikuingia kwenye fremu hata kidogo. Ikabidi bawaba zipigwe nje, ukutani, na mbao zikaulalia ukuta.

Majirani wakashika mbavu. "Mfaume! Nyumba umeivisha kanzu ya babu yako?"

Mfaume akaona haya mpaka jasho likamtoka. "Fundi, kata. Viingie ndani ya fremu kama vya watu."

"Mume wangu, viache," Somoe akamsihi. "Vikiegemea ukuta mimi roho yangu inatulia."

"Watu wanatucheka, husikii?"

Walibishana mpaka wakakubaliana nusu kwa nusu. Kifuniko cha upande wa bahari, ambacho hakuna anayekiona, kiliachwa. Cha barabarani kikapigwa msumeno, kikaingia kwenye fremu sawasawa, na majirani wakasema hapo sasa.

Kesho yake adhuhuri mbingu zikawa nyeusi. Upepo ulitoka baharini ukiunguruma, mabati ya watu yakaruka, minazi ikalala chini. Mfaume na Somoe walimtoa Bi Esha kitandani, wakamlaza kwenye mkeka ukumbini, katikati ya nyumba. Kile kifuniko kikubwa kilisukumwa na upepo, lakini kilizidi kujibana ukutani. Somoe alikuwa akisoma kila dua anayoijua, na nyingine akizirudia kwa kusahau kwamba ameshazisoma.

Kisha ghafla, kimya. Hata jani halikutikisika.

Watu wakaanza kutoka nje, wakiitana na kupeana pole. Mfaume akashusha pumzi. "Alhamdulillahi, yamekwisha. Nimrudishe mama kitandani."

"Ngoja kwanza," Somoe akasema. Kimya kile kilimtisha kuliko ile kelele.

"Ningoje nini? Sasa hivi watakuja kumjulia hali. Wamkute mama yangu sakafuni? Watasema tunamlaza chini kama mzigo!"

Akamnyanyua mama yake mikononi, akaelekea chumbani. Somoe akamtangulia, akasimama mlangoni, mikono huku na huku. Tangu aolewe hakuwahi kumzuia mumewe mbele ya mkwewe.

"Hupiti."

"Somoe! Una wazimu?"

"Ninao. Nenda kawaambie watu mkeo ana wazimu. Lakini kwenye dirisha lile mama humpeleki."

Mfaume akafungua kinywa amkaripie. Kumbe kimya kile kilikuwa jicho la kimbunga, katikati yake tu. Upepo ulirudi, na safari hii ulitoka upande wa pili, upande wa barabara. Kikasikika kishindo kilichotikisa nyumba nzima. Kifuniko kilichokatwa hakikuwa na ukuta wa kukishikilia. Kiling'oka na komeo lake, kikapasua kioo, kikaruka ndani na kujikita kwenye mto wa kitanda, pale pale kichwa cha Bi Esha hulala kila siku.

Mfaume alikiona kwa juu ya bega la mkewe. Akaketi chini ukumbini, mama yake bado yumo mikononi, Somoe akawafunika wote wawili kwa mwili wake.

Bi Esha, ambaye macho yake yalikuwa hayaoni mbali tena, akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, nani huyo anayepiga hodi kwa kishindo namna hiyo?"

Mfaume akamkumbatia, akilia kama mtoto.

"Ni mimi, mama," akasema. "Ni mimi."

Funzo: Hofu ya hatari na hofu ya kuchekwa zikikujia pamoja, isikilize ya kwanza. Anayekucheka leo hatakuwepo chumbani mwako upepo utakapogeuka.