Feruzi na Ghala la Vitu Vikali

Hapo zamani, wakati mwanamume kutoka nje bila jambia kiunoni ilikuwa kama kutoka bila nguo, palikuwa na mtu katika mji wa Mkunguni, jina lake Feruzi, fukara hata panya wa nyumbani mwake walikwenda kula kwa jirani. Alikuwa na kanzu moja, mke mmoja na jambia moja, na katika hivyo vitatu kilichokuwa kikali ni mke tu. Jambia lenyewe lilikuwa kutu tupu, halikati hata muhogo uliochemshwa. Lakini lilikuwa la marehemu baba yake, aliyezaliwa mtumwa, na mtumwa hakuruhusiwa kufunga silaha. Siku alipopewa uhuru wake, kabla hajala wala hajanywa, alijifunga jambia lile. Basi Feruzi naye alilifunga kila asubuhi, akapita sokoni kifua mbele kama jogoo.

Sultani wa Mkunguni aliitwa Mwinyi Hatimu, mwenye tumbo kubwa na moyo mdogo. Siku moja barazani mtu alipiga chafya, mkono wake ukagusa mpini wa jambia lake, na Sultani akajitupa nyuma ya waziri. Alipotoka huko, kwa aibu, akatoa amri: silaha zote za raia zitiwe ghalani.

Askari wakalichukua jambia la Feruzi huku wakicheka. Asubuhi yake akaenda barazani, kiuno kitupu, akitembea kama aliyepungukiwa na mguu.

"Bwana wangu, nimekuja kuomba jambia langu."

"Ile kutu? Utaifanyia nini?"

"Nitaivaa."

"Na ukishaivaa?"

"Nitakuwa nimeivaa."

Watu wa baraza wakacheka, na Sultani, aliyependa kumchezea mnyonge, akasema, "Vema. Nakupa siku saba. Kila kitu cha mji huu kiwezacho kumwaga damu ya mtu ukitie ghalani, kisibaki hata kimoja. Ukiweza, jambia lako chukua. Kikibaki kimoja, kichwa chako ni changu."

"Kila kitu, bwana?"

"Kila kitu. Waziri, mpe ufunguo."

Basi Feruzi akautia ufunguo shingoni, akaanza na askari walewale. "Panga hilo, ndugu yangu. Bwana amesema kila kitu." Askari wakamtazama Sultani, na Sultani, aliyekwisha kusema mbele ya watu, akatazama dari. Mapanga na mikuki ikaenda. Vikafuata visu vya wachinjaji, nyembe za vinyozi, mbuzi za kukunia nazi, sindano za washona kofia. Jogoo wakabebwa kwa ajili ya vipi vya miguuni mwao na paka kwa ajili ya kucha zao. Mpishi wa Sultani alipokataa kutoa kisu, akamrushia Feruzi mwiko, ukampasua mdomo. Feruzi akafuta damu, akashukuru kwa adabu, akauchukua na mwiko.

Siku ya tatu Sultani akaitisha nyama.

"Kisu kimo ghalani, bwana."

"Basi wali wa nazi."

"Mbuzi nayo imo ghalani."

Ikawa Sultani wa Mkunguni anakula wali mkavu, akiukoroga kwa kidole. Ijumaa, siku ya kukata kucha na kunyoa, kinyozi alikuja mikono mitupu, akaitazama miguu ya Sultani kwa huzuni. "Labda nikutafunie, bwana," akasema. Akafukuzwa.

Siku ya saba Feruzi akafika barazani. Sultani alikuwa na ndevu kama kiota, lakini akacheka kwa furaha. "Umekwisha, Feruzi. Vimebaki vitu mjini, navijua! Waziri, mwambie!" Na katika kumwonyesha waziri kwa kidole, ukucha wake, mrefu kama wa mwewe, ukamchana waziri shavu. Damu ikatiririka mpaka kwenye joho.

Feruzi akaiinamia damu ile, akaitazama vizuri, akainuka.

"Kweli, bwana wangu, kimebaki kimoja. Na jua halijazama. Tafadhali tangulia ghalani."

"Nani atangulie?"

"Wewe, bwana. Umemwaga damu ya mtu mbele ya baraza zima. Wewe ndiye wa mwisho."

"Mkateni kichwa huyu!"

Askari wakatazamana. Mkubwa wao akakohoa. "Tumkate kwa kitu gani, bwana? Mapanga yamo ghalani."

"Mnyongeni basi!"

"Watakaoninyonga wataniparua kwa kucha, bwana," Feruzi akasema, "nao itawabidi waingie. Utabaki na nani?"

Basi akaufungua mlango wa ghala. Jogoo wakawika, paka wakalia, mkuki ukaanguka juu ya mbuzi za nazi kwa kishindo. Feruzi akaondoa sindano moja kwenye gunia, akalipangusa kwa kanzu yake, akasema, "Nimekuwekea mahali pa kukaa." Sultani akachungulia. Paka mmoja alikuwa amejilaza juu ya upanga wa enzi, ananyonyesha. Hapo Sultani akashindwa kujizuia, akacheka hata akakaa chini, na waziri akacheka akishika shavu lake.

"Umenishinda, Feruzi. Chukua jambia lako, na kila mtu achukue chake. Lakini niambie, hukuliacha jambia hili kwa sababu gani?"

"Bwana wangu, mtu mwenye kiuno kitupu asipokuchoma, usimshukuru, hana cha kukuchomea. Mimi nimepita mbele yako miaka ishirini na jambia langu, na sikukuchoma. Nilitaka mwenyewe nisikuchome. Baba yangu alipokuwa mtumwa, hakuna aliyemuuliza anataka nini."

Sultani akalitwaa lile jambia, akaijaribu ncha yake kwa kidole, kisha akamfunga Feruzi kiunoni kwa mikono yake.

"Lakini hili halichomi kitu," akanong'ona.

Feruzi akamsogelea sikioni. "Hilo, bwana wangu, tusiwaambie watu."

Hekaya imekomea hapo. Mwenye tamu kuliko hii na asimame aisimulie.