Mama Aliyengoja Moyo Uanze

Mwanamke ninayemleta mbele yenu leo jina lake ninalo, ila sitalitaja, maana baadhi ya ndugu zake wamekaa humu humu na wameshaanza kuniangalia. Tumwite mama yule. Aliolewa huko kwa wafuga mbuzi, kwenye nyumba iliyokuwa imefiwa na mama, akakuta binti wa marehemu, wa umri wa kung'oka meno ya mbele. Mume alikuwa mtu wa kufuata mifugo malishoni, leo yupo, kesho hayupo. Basi ndani wakabaki wawili: mama ambaye hakumzaa mtoto yule, na mtoto ambaye hakumwomba mama yule.

Msimgeuze mama wa kambo wa kwenye hadithi, wa kunyima watu ugali. Hakuwa mbaya. Mtoto alikula, alioga, alivaa. Lakini sahani alimpa kama unavyompa mtu aliyekuja kupima shamba: shika, kula, nitarudi kuchukua chombo. Hakumgusa. Na jambo hilo lilimtesa, kwa sababu alikuwa mcha Mungu kweli. Akaomba: Bwana, nipe upendo kwa mtoto huyu. Akafunga. Asubuhi akiamka anajisikiliza kifuani, kama mtu anayegusagusa jino kwa ulimi kuona kama bado linauma. Hamna kitu. Pakavu.

Akasema, mimi sitakuwa mnafiki. Nitamkumbatiaje mtoto na moyo haujasema? Akampelekea salamu wifi yake, dada wa mumewe aliyekuwa akiishi mjini: njoo siku ya mnada, umchukue mtoto wa kaka yako, mimi nimeshindwa kumpenda, na mtoto anahitaji kupendwa. Mnaona hapo? Anamtoa mtoto nyumbani kwao, na bado maneno ni matamu.

Akaenda kumwarifu mama mkwe wake. Akamkuta zizini, amembana mbuzi mmoja kwa magoti. Mbuzi yule alikuwa amezaa na kumkataa mtoto wake. Kila kitoto kikisogea kunyonya, anakipiga kichwa. Bibi ana chumvi kiganjani, amelowesha kidogo, anakipaka kitoto mgongoni mpaka mkiani. Mnaofuga mnaijua kazi hiyo. Mbuzi akanusa. Akalamba. Akalamba tena, na kitoto kikapenya chini kikashika chuchu.

Mama yule akasema, "Sasa mama, si umemdanganya? Huyo anataka chumvi, hamtaki mtoto."

"Nimemdanganya nini? Chumvi ni chumvi kweli, na mtoto ni wake kweli."

"Lakini moyoni bado hajampenda."

"Mimi sijui moyo wa mbuzi unakaa upande gani," bibi akasema. "Najua akishinda anamlamba, jioni atamwita. Asipolamba, hamwiti. Ningekuwa nangoja ampende kwanza ndipo alambe, kila masika ningekuwa nachimba vishimo vya kuzikia vitoto nyuma ya zizi." Akajifuta mkono kwenye kanga. "Nasikia umemwita wifi yako."

"Ndiyo, mama. Moyo umekataa."

"Haya. Sikuombi umpende. Ila kichwa cha mjukuu wangu hakiendi mjini kikiwa vile. Watu watasema huku kwetu wanawake wote wamekatwa mikono. Ningemsuka mwenyewe, lakini vidole hivi vimeshaniaga. Kamfumue, umsuke. Hilo halitaki moyo, linataka kitana."

Je, hapo mama yule angesema nini? Kupenda unaweza kusema umeshindwa. Kusuka utasemaje umeshindwa, na kichwa chako mwenyewe kimesukwa?

Akaenda akaketi kwenye kigoda, akamweka mtoto katikati ya magoti. Nywele zile zilisukwa mara ya mwisho na mama yake mzazi, na tangu azikwe hakuna mtu aliyezigusa. Zilikuwa zimeshikana kama katani. Akapaka mafuta ya alizeti, akaanza kuchambua kwa vidole. Mtoto amekakamaa kama kinu.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Muongo wewe. Machozi hayo ni ya nini?"

Mtoto akajifuta macho, akasema, "Mama alikuwa anaanzia nyuma."

Mama yule akaacha mbele, akaanzia nyuma.

Hakupenda kazi ile, nisiwadanganye. Mgongo ulimuuma, jua lilimfuata mpaka kivulini. Jioni ile kichwa hakikuisha, wala kesho yake. Na ikawa hivi: mtoto akichoka, shingo inalegea, kichwa kinashuka polepole mpaka kinalala kwenye paja la mama yule. Mara ya kwanza alimgutusha, "Inua kichwa, nasuka." Safari nyingine akamwacha. Mguu ukafa ganzi na hakuusogeza. Ungemuuliza kwa nini, angekwambia mtu aliyelala hanisumbui vidole. Na yeye mwenyewe angeamini hivyo.

Siku ya mnada ikafika, na wifi akashuka kwenye lori la wafanyabiashara wa mbuzi, lori ambalo lingegeuza alasiri kurudi mjini. Akakuta nguo za mtoto zimefungwa kwenye kanga, chai ipo, na mtoto ameketi magotini anamaliziwa kichwa. Ni msuko wa twende kilioni tu, mistari ya kurudi nyuma, isiyo na mapambo. Umebaki mstari mmoja.

"Wifi, fanya haraka. Dereva yule hana dini, akijaza anaondoka."

"Namaliza."

Akamaliza. Akaupitisha mkono juu ya kichwa chote. Kisha akashika ncha ya mstari wa katikati, akaanza kuufumua.

"Huo si ulikuwa umeshausuka?"

"Umepinda."

"Mimi sioni ulipopinda."

"Wewe umekaa upande huo."

Akausuka upya. Honi ikalia mnadani. Wifi akasimama, akatwaa furushi. Mama yule akashika mstari mwingine, akafumua na huo.

"Na huo nao?"

"Huo umembana. Utamuumiza kichwa njiani."

Honi ikalia tena. Hapo mama yule akatazama chini, akaiona mikono yake. Ilikuwa inafumua haraka haraka, kama ya mtu anayezima moto. Hakuna mtu aliyeituma. Alikuwa amengoja kifuani pake miezi yote ile, na jibu lilikuwa limeshuka huku kwenye vidole. Mtoto, bila kugeuka, akarudisha mkono nyuma akamshika goti.

Wifi aliwatazama wote wawili. Akalirudisha furushi mkekani.

"Mimi nawahi lori," akasema. "Ukimaliza kumsuka, nitumie habari nije nimchukue."

"Nitakutumia."

Mtoto yule sasa ana watoto wake, na wifi hajatumiwa habari mpaka leo.

Sasa sisi. Mjukuu wangu anayesoma chuo ananiambia wasomi wa mambo ya nafsi wanabishana tangu zamani: mtu hukimbia kwa kuwa ameogopa, au huogopa kwa kuwa amejikuta anakimbia? Mimi niliishia darasa la saba, wamalize wenyewe. Lakini nimeishi na nyie muda wa kutosha kuwajua. Nani kati yetu hasemi, sijisikii kumsamehe, nikijisikia nitakwenda? Sijisikii kuomba, ngoja hamu ije. Hamu itoke wapi, na njia yake tumeifunga kwa kukaa? Tunamwomba Mungu atie hisia kifuani, yeye alishatupa miguu, na miguu tumeikunja.

Na sisemi ni unafiki kumpelekea mtu uji kabla hujampenda. Unafiki ni kumpelekea ili tukuone. Wala siwaahidi kwamba kila mara itakuja. Kuna watu utawatendea mema miaka, na kifua chako kibaki vile vile. Basi angalau watakuwa wameshiba, si haba.

Bibi yule mjane wa nyumba ya pili kutoka hapa, aliyewatukana wengi wenu, na mimi nikiwemo, hana maji tangu juzi, mguu umemvimba. Simpendi. Mtungi wangu nimeuacha hapo mlangoni. Nani anakuja na wake?