Kata ya Kwanza ya Kisima cha Mkwajuni

Hapo zamani, wala si zamani sana, mfalme mmoja aliingiwa na wivu. Jirani yake alikuwa na bomu la kuteketeza mji mzima, yeye hana. Chakula kikamshinda.

Basi Mashauri mchimbaji akachimba jiwe la sumu. Ngwali mtaalamu akalipika jiwe likawa bomu. Mfalme akaamuru lijaribiwe nyikani Mkwajuni, maana, alisema, pale hapakai watu. Bi Sikudhani, mtunza kisima wa Mkwajuni, alikuwa akifagia uwanja wake aliposikia redioni kwamba yeye si mtu.

Bomu likalipuka. Jirani akaogopa, akaunda mengine mawili. Mfalme akafurahi hivyo hivyo, akaja Mkwajuni na nishani moja.

"Yangu hiyo," alisema Mashauri. "Bila jiwe langu mngelipua nini? Maboga?"

"Yangu," alisema Ngwali. "Jiwe lilikaa mlimani enzi na enzi, lilimtisha nani?"

"Yangu," alisema mfalme. "Bila amri yangu mngekuwa mnapiga soga tu." Akajivika mwenyewe. Watu walikuwa wameletewa pilau, wakapiga vigelegele, Bi Sikudhani kuliko wote.

Haikupita miaka mingi, mbuzi wakazaa watoto wasio na macho. Tabu, mjukuu wa Bi Sikudhani, akanyonyoka nywele, akavimba shingo, akafa. Sumu ya bomu ilikuwa imeingia kisimani. Bibi yule alilia mpaka sauti ikamkauka.

Sasa, Mkwajuni wana desturi yao. Aliyechafua kisima hunywa kata ya kwanza ya maji yake mbele ya watu. Asipopatikana, hunywa mtunza kisima. Bi Sikudhani akawaita wale watatu. Wakaja mbio, kila mmoja akidhani kuna nishani nyingine.

"Haya baba, kunywa," alimwambia Mashauri.

"Mimi, bibi? Mimi nilichimba jiwe tu. Jiwe si bomu."

"Nami nilipika tu," alisema Ngwali. "Sikusema lilipuliwe hapa."

"Nami nilisema tu," alisema mfalme. "Maneno yamechafua maji tangu lini? Tena jirani ndiye aliyeanza. Nawe bibi, vigelegele vile ulimpigia nani?"

Neno lile lilimchoma Bi Sikudhani. Alimkumbuka Tabu, akaona haya, akainua kata kuelekea kinywani mwake. Wale watatu wakatazama pembeni, wakishukuru kwamba desturi inafuatwa.

Haya, mnaonisikiliza, mzuieni au mwacheni, lakini semeni upesi. Je, kata ile alistahili kuinywa nani?